Upepo wa Kisogoni

Vijana wangu wa Gerezani, ninyi mnaoshona siti za magari ya watu huku sikio moja limezibwa na muziki, niazimeni hilo lingine. Mimi kazi nimeiacha. Macho hayaioni tena tundu la sindano, na mgongo ulishagoma kuinama siku nyingi. Sina cha kuwarithisha zaidi ya makosa yangu, na ninayo ya kutosha kila mmoja wenu akaondoka na lake. Leo nawapa moja tu, lile ambalo nusura limnyang'anye mama wa watu ufunguo wa gari lake na heshima yake mbele ya mwanawe.

Mama mwenyewe tulimwita Mama Nilesh. Ni Mhindi wa mjini, wa Kisutu, mwenye duka la dawa, mrefu kuliko wanaume wengi wa karakana yetu. Marehemu mumewe alimwachia gari moja la ajabu: la zamani sana, la siti mbili, fupi, la kijani, halina paa ila turubai la kukunja. Lilikuwa la mbio enzi zake, na likichemka lilikuwa la mbio bado. Watoto wa Kariakoo waliliita Beseni, kwa sababu ukikaa ndani unaonekana kuanzia mabega tu, kama mtu anayeoga.

Miaka yote Mama Nilesh alikaa kushoto, mumewe akiendesha. Mume alipofariki, watu walidhani Beseni litafunikwa shuka na kusahauliwa. Yeye akaja kwangu, akaniambia nishone siti upya na turubai jipya, kwa sababu sasa ataendesha mwenyewe. Nilifurahi mno. Nikamshonea siti za ngozi nyekundu ambazo mpaka leo sijashona nyingine za kuzifikia, na nikazijaza sponji vizuri, maana ndiyo ilikuwa sifa yangu. Mlangoni kwangu niliandika kwa rangi kubwa: SITI ZA KUSHIBA. Mteja wa Gerezani anapenda siti iliyoshiba. Akibonyeza kwa kidole na sponji likarudi haraka, anatabasamu.

Baada ya miezi mitano, Jumatatu asubuhi, Beseni likaja tena. Safari hii aliyekuwa kwenye usukani ni Nilesh, mwanawe, wakili. Mama alikaa kushoto, midomo ameikaza.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, baba. Karibuni. Siti imechanika?"

"Siti nzima," akasema Nilesh. "Shida ni mama."

Mama yake akashuka, akaubamiza mlango kwa nguvu. "Shida ni upepo," akasema.

Basi wakanieleza, kila mmoja akimkata mwenzake. Mama Nilesh aliwahi kufanyiwa upasuaji wa sikio zamani. Tangu aanze kuendesha Beseni, akifika barabara ya kasi upepo unampiga kichwani, puu, puu, puu, bila kupumzika, na baada ya muda anashikwa na kizunguzungu. Kizunguzungu chenyewe hakiishi gari likipunguza mwendo. Wiki iliyotangulia alikuwa anarudi kutoka upande wa daraja la Kigamboni, kichwa kinazunguka, akaingia mjini hivyo hivyo, na alipokata kona kuelekea Msimbazi akaugonga mkokoteni wa vitunguu. Mwenye mkokoteni aliruka akapona. Vitunguu vilitawanyika mpaka kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi, na basi likafunga breki na watu wakaangukiana ndani.

"Angeweza kuua mtu," akasema Nilesh, na hapo sauti yake haikuwa ya wakili tena. "Fundi, namheshimu mama yangu. Ila umri ni umri. Nimechukua ufunguo."

Mama Nilesh akaniambia mimi, kana kwamba mwanawe hayupo: "Mafundi injini wote nimewapitia. Wanacheka. Wanasema upepo hauna spea. Fundi, mimi nataka kupunga upepo kidogo nikitoka dukani. Sijasema nipungwe pepo."

Wakakubaliana pale pale, mbele yangu, nikawa shahidi bila kuombwa. Jumapili Nilesh atamchukua mama yake, mama aendeshe mpaka darajani na kurudi, Nilesh pembeni. Akishikwa na kizunguzungu, Beseni linauzwa. Mpaka hiyo Jumapili, ufunguo atauacha kwangu, na mama ataliendesha kwa majaribio tu, nikiwa naye. Niliupokea ule ufunguo nikauning'iniza shingoni. Nilikuwa na siku sita, na sikujua naanzia wapi.

Kosa la kwanza lilinijia haraka, kama yanavyokuja makosa ya watu wanaojiamini. Nikasema: upepo unatoka mbele, basi uzuiwe mbele. Nikatafuta plastiki ngumu inayoonyesha, nikaikata, nikaifunga juu ya kioo cha mbele ili kiongezeke urefu wa kiganja. Ilipendeza. Mafundi wenzangu walikuja kuitazama na kuigonga kwa kucha. Hadi hapo hakuna aliyekaa nyuma yake barabarani.

Alhamisi tukatoka, mimi na Mama Nilesh, tukashika Barabara ya Kilwa. Mwanzoni palikuwa na foleni, hewa imetulia, nikajisifu kimoyomoyo. Njia ilipofunguka akaongeza mwendo. Hapo ndipo nilipoujua huo upepo. Ulikuwa hausukumi. Ulikuwa unapiga makofi. Unapiga, unaacha, unapiga tena, na makofi yote yanatua kisogoni. Nilimwona mama akibana sikio lake kwa bega, mikono ikiwa imekakamaa kwenye usukani.

"Mama, tupunguze."

"Bado."

"Mama Nilesh, punguza!"

Nyuma yetu lori la kontena lilikuwa limetukaribia, linapiga honi. Beseni likaanza kuelea kushoto, taratibu, kuelekea ukingoni, na mama macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuwa yanaona. Nilishika usukani kwa mkono mmoja. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo, "Mguu toa kwenye mafuta. Usikanyage breki. Toa tu." Akautoa. Lori likatupita kwa nafasi ya mkono, na vumbi lake likatujaa midomoni. Tukasimama kando ya barabara, magurudumu mawili kwenye mchanga.

Alitapika kidogo, akajifuta. Kisha akaniuliza, "Utamwambia Nilesh?"

Mimi nilikuwa natafuta kofia yangu. Ilinitoka kichwani wakati wa ile purukushani. Nilitazama nyuma ya siti, nikatazama barabarani, nikajua imekwenda. Ndipo nikaiona. Ilikuwa mbele. Imejibana kati ya dashibodi na kioo, imekandamizwa pale kama iliyowekwa na mtu.

Vijana, hebu mnisikilize hapa. Gari linakwenda mbele, halina paa, na kofia ya kichwani kwangu inatupwa mbele. Kama upepo ungekuwa unatoka mbele, kofia ile leo ingekuwa inavaliwa Mbagala.

Nilimkumbuka Mzee Nassor. Huyu ndiye aliyenifundisha kushona, Mwarabu wa Kariakoo, mwenye duka la maturubai, mkali wa kuvuta watu masikio. Nikiwa mwanafunzi wake nilishona turubai la lori, nikalipiga nyuzi mbili mbili upande wa mbele nikijua ndiko litakakopambana na upepo. Lori likaenda Morogoro na kurudi, turubai limepasuka vibaya, mbele pazima, nyuma matambara. Mzee Nassor alinishika sikio akanipeleka mpaka kwenye ule mpasuko. "Upepo ni mwizi," akasema. "Umeona wapi mwizi anapiga hodi mlango wa mbele? Anazunguka uani." Tangu siku hiyo, kabla ya kushona turubai lolote, alikuwa ananituma nifunge vipande vya uzi juu ya mzigo, kisha tunaendesha lori polepole tukiangalia kila uzi unaelekea wapi. Uzi haujui kusema uongo. Nami nilikuwa nimeusahau kwa sababu nilishajiita bingwa.

Ijumaa nikang'oa ile plastiki yangu nzuri. Nikakata uzi wa sufu mwekundu, vipande vya shubiri moja, nikavifunga kila mahali: juu ya kioo, kwenye milango, nyuma ya siti, katikati ya siti. Tukazunguka na Mama Nilesh njia za bandarini ambako magari yalikuwa machache, mwendo wa wastani tu, mimi nimegeuka nyuma nimepiga magoti kwenye siti. Nyuzi za juu ya kioo zililala kuelekea nyuma, kama ilivyo haki. Nyuzi za nyuma ya siti zilisimama zikaelekea mbele, kwenye visogo vyetu. Na zile za katikati ya siti zilikuwa zinacheza kuliko zote, zinapiga mbele bila kupumzika.

"Akupaye kisogo si mwenzio," akasema mama nilipomweleza. "Huu tumeupa sisi kisogo."

Ndivyo ulivyo. Upepo unaruka juu ya kioo, unapita juu ya vichwa, unakuta nyuma ya watu pana shimo tupu, unaporomoka humo na kurudi mbele kukupiga. Ukikinyanyua kioo cha mbele unaupa mahali pa juu zaidi pa kuporomokea. Dawa iko nyuma.

Nilianza na ubao, nikausimamisha nyuma ya siti. Makofi yalipungua lakini gari likawa linanguruma kama ngoma na masikio yakaziba. Ubao unakataa kila kitu, na upepo ukikataliwa kabisa unatafuta ugomvi pembeni. Nilihitaji kitu cha kuuchosha upepo bila kuuzuia. Nikavuka mjini mpaka soko la samaki la Feri, nikanunua kipande cha wavu wa dagaa, ule wa matundu madogo. Nikakunja bomba jembamba la chuma kufuata upana wa gari, nikauvuta wavu juu yake ukakaza mpaka ukawa unalia ukiugusa. Nikaufunga nyuma ya siti, kimo cha masikio. Katikati ya siti nikashindilia mto niliouviringisha kwa ngozi, ili ule mlango wa uani ufungwe.

Jumamosi asubuhi tukajaribu tena Barabara ya Kilwa. Nawaambia, upande wangu palikuwa kimya. Nyuzi zilining'inia. Kofia ilikaa. Ningeweza kuwasha kiberiti. Nikacheka kwa sauti, nikamgeukia mama nimpongeze, nikaona ameinamisha bega na kubana sikio.

"Bado?" nikauliza.

"Umepungua. Lakini upo. Fundi, unanipiga hapa juu tu." Akagusa sikio.

Tukasimama. Kesho ilikuwa Jumapili, na sikuwa na hila nyingine iliyobaki. Kwa nini mimi nipone na yeye apigwe, kwenye gari moja, nyuma ya wavu mmoja? Nilimtazama. Yeye mrefu, na mimi urefu Mungu alinipunguzia. Nikamwambia aendeshe tena, mwendo ule ule, kisha ajishushe kwenye siti polepole, kama mtoto anayejificha darasani.

Akajishusha. Kidogo, kidogo tena. "Hapa!" akapiga kelele. "Hapa, fundi! Hapa hakuna kitu!"

Niliweka mkono kwenye mwegemeo wa siti, pale kilipokuwa kichwa chake kabla na pale kilipo sasa, nikapima. Vidole vinne.

Nilijua hicho kipimo. Hakuna aliyekijua kuliko mimi. Sponji nililoongeza kwenye siti zile lilikuwa la vidole vinne. Marehemu mumewe aliendesha miaka yote juu ya siti nyembamba za kiwandani, ambazo mimi nilizicheka nikasema zina njaa. Waliolitengeneza gari walijua kichwa cha mtu kinatakiwa kufikia wapi. Mimi nikamnyanyua mama wa watu, nikamchomeka sikio lake bovu kwenye mkondo wa upepo, halafu nikapokea sifa.

Na alikuwa ameniambia. Hiyo ndiyo inayonichoma hadi leo. Siku nilipomkabidhi siti mpya, alikaa akageuka geuka, akasema, "Fundi, mbona kama nimekaa juu ya gari badala ya ndani yake?" Nikacheka, nikamjibu, "Mama, ndio umalkia huo!" Nilidhani ananisifia.

Tuliporudi sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba kuna kitu nakirekebisha, aje jioni. Nikafumua ile kazi yangu mishono yote, nikatoa sponji, nikabana ngozi, nikashona upya. Muda wote nilikuwa namwona yule mwenye vitunguu akiruka. Kama asingeruka, ni nani angekuwa amemuua?

Jioni mama alikuja, akapitisha kiganja kwenye siti.

"Zimekonda," akasema.

"Nimezibana kidogo, mama."

Akazibonyeza kwa kidole. Akaenda zake.

Jumapili wakaondoka, yeye kwenye usukani, Nilesh kushoto ameshika ukingo wa mlango. Mimi nikabaki kwenye benchi mbele ya karakana. Nilikunywa chai ikaniunguza, sikuisikia. Kila gari lililopita nilisimama. Jirani akaniuliza kama nasubiri mgonjwa, nikamwambia ndiyo.

Beseni lilipotokea, nyuzi nyekundu bado zilikuwa zimefungwa kwenye wavu. Likasimama. Mama Nilesh alishuka peke yake, akatembea mpaka kwangu, kichwa kimesimama, hatua zimenyooka.

"Sijasikia upepo," akasema. "Nimemsikia Nilesh akinifundisha kuendesha toka hapa mpaka darajani na kurudi."

Nikamshukuru Mungu. Lakini Nilesh alikuwa bado ndani ya gari. Akachomoa ufunguo, akashuka, akautia mfukoni mwake.

"Leo umeendesha vizuri, mama. Nakubali," akasema. "Na wavu wa fundi ni mzuri. Lakini nijibu. Baba aliliendesha gari hili miaka mingapi bila wavu? Na wewe ulikaa pembeni yake, na sikio hilo hilo, hukuwahi kushikwa na kizunguzungu. Upepo ni ule ule. Gari ni lile lile. Kilichobadilika ni nini?"

Wakili ni wakili. Mama yake alinitazama mimi, kisha akatazama chini, na nilimwona mama yule mrefu akipungua kimo mbele yangu. Ningeweza kunyamaza. Mlango wangu ulikuwa nyuma yangu na maandishi yake makubwa. Mafundi wenzangu walikuwa wamesimama kusikiliza, na wateja wawili pamoja nao.

"Siti," nikasema.

"Nini?"

"Kilichobadilika ni siti. Nilizijaza mimi. Nilimnyanyua mama vidole vinne, nikampeleka kwenye upepo. Kizunguzungu chote ni kazi ya mikono yangu. Na mkokoteni ule niliugonga mimi, baba. Mama alikuwa ameshika usukani tu." Nikaingia ndani, nikalitoa lile sponji, nikamwekea miguuni.

Nilesh aliliokota, akalipima kwa vidole. Nilitegemea anitukane, na angekuwa na haki. "Miezi mitano," akasema polepole. "Miezi mitano namwambia mama yangu amezeeka." Akautoa ufunguo. Hakumpa kwa mkono mmoja. Aliushika kwa mikono miwili, akainama akamgusa mama yake miguu kwa heshima ya kwao, kisha akampa. Mimi hakuniaga, na sikumlaumu.

Mama Nilesh alipokwisha kukaa kwenye usukani aliniita nisogee.

"Nilijua tangu jana," akasema. "Nilipogusa siti."

"Sasa mama, mbona hukumwambia?"

"Ningesema mimi, kingekuwa kisingizio cha bibi kizee. Ilibidi kitoke kinywani kwako." Akawasha gari. "Ningekusubiri mpaka magharibi, fundi. Baada ya hapo ningekuachia Mungu."

Kesho yake nilipaka chokaa juu ya maandishi ya mlangoni. Wateja wengine walihama, wakaenda kwa wanaoshibisha. Waliobaki niliwakalisha kwanza kwenye gari lao, nikatazama kichwa kinafika wapi kwenye kioo, nikawauliza wanajisikiaje, na nikanyamaza mpaka wamalize kujibu. Lile sponji sikulitupa. Ndilo ninalolikalia hapa barazani nikiwasimulia haya. Ni zuri sana, limeshiba, na halifai kabisa kwenye gari.